Kiraka Anatafuta Namba Yake

Jumatatu, 3 Machi
Miaka kumi na miwili ya ubeki. Kulia nimecheza, kushoto nimecheza, katikati nimecheza. Timu saba. Wananiita Kiraka, na wananikumbuka mwenzao akikosekana tu. Leo kocha kabandika orodha: kila mtu na nafasi yake, mimi chini kabisa, “popote”. Popote! Hata paka ana kona yake. Nimerudi chumbani, nimekula peke yangu, nimeosha sahani moja. Basi nimeamua. Nataka namba mbili, beki wa kulia, iwe yangu hadi nistaafu. Mbinu ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu yenyewe: kuboronga kila mahali isipokuwa kulia. Kushoto nimejikwaa makusudi. Katikati nimempisha mshambuliaji kama mgeni rasmi. Kulia nimewaka moto. Kocha kaandika kitu kwenye daftari. Mambo yameiva!

Jumatano, 5 Machi
Hayajaiva. Aliandika nipelekwe kwa daktari wa timu. Daktari kanipima macho, kanipima magoti, kauliza naishi na nani. Nikasema na redio. Kuulizwa tu nikafurahi, nikampigia hadithi nusu saa. Alikuwa ameshavaa koti anataka kwenda kwake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemfuata kocha, nimemwambia ukweli wote. Hakucheka. Akasema, “Jumamosi namba mbili ni yako. Ukikaa hapo dakika tisini bila kuhama, na msimu ujao ni yako.” Nimetoka mbio kwa furaha. Nikampigia binti yangu. Akapokea baba yake wa kambo, kwa adabu zote, akasema mtoto anafanya kazi za shule. Habari njema nimempa fundi viatu wa pale kwenye geti la uwanja. Kanipongeza, kisha kauliza nacheza mchezo gani.

Jumamosi, 8 Machi
Dakika ya sabini, kulia kwangu hapiti hata inzi. Mara beki wa kushoto kaumia. Kwenye benchi yupo wa akiba, kushoto ndiko kwao. Kocha akauliza nani aende kule. Aliniuliza mimi? Mkono ukanyooka wenyewe! Kocha akanitazama kwa huruma. Nikahama, wa akiba akaingia kulia, na dakika ya themanini akafunga bao. Wamembeba juu juu. Namba mbili kwaheri. Nahodha kanigusa bega, kasema bila mimi wangefanyaje. Nikalainika, mjinga mimi.

Jumapili, 9 Machi
Mama wa binti yangu kapiga simu, mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Mumewe kasafiri, kesho shuleni kuna kikao cha wazazi, anatakiwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha baba. Kesho tu, kasisitiza, mwenyewe akirudi basi. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Shati nimelipiga pasi mara mbili. Nikikikalia vizuri hicho kiti, nani ataniondoa?