Jinsi Nilivyoiteka Mioyo ya Tarrow

Jumatatu, 3 Juni

Habari kubwa! Dokta Stubblefield ametuita asubuhi na kutangaza kwamba anatafuta mkuu wa kituo chetu hapa Tarrow. Ofisi yenye mlango. Kiyoyozi kinachofanya kazi. Mississippi, mwezi wa Juni, kiyoyozi! Nusura nilie.

Sharti ni moja tu: awe amewafanya watu wa Tarrow wakubali kupimwa presha na damu. Utafiti wetu hauhusu dawa. Tunauliza maisha. Nani ana jirani wa kumtegemea, nani anakula peke yake, nani halali kwa hofu ya kufukuzwa nyumba, na mambo hayo yanaufanyia nini moyo. Tupo hapa tangu Aprili. Waliojiunga ni mwenye nyumba wetu na mleta barua. Dokta amesema wazi: mwezi huu ukiisha hivi hivi, wafadhili watafunga kituo.

Mlango wa Tarrow ni kanisa la Mount Nebo. Bawaba zake ni mbili: Bi Earline Hobbs, malkia wa jikoni, na Shemasi Cleophus Tate, ambaye asipoitikia kwa kichwa hakuna linalokwenda.

Mpinzani wangu ni Desmond Yarbrough, kijana wa Memphis. Meno mazuri. Mipango hana. Kazi yake kukaa na watu kibarazani, kucheka, na kuuliza habari za magoti yao. Uvivu mtupu! Lakini akina bibi wanamwita mwanangu. Mimi wananiita "yule wa kompyuta."

Sina wasiwasi. Nina mpango. Nitajiunga na kwaya.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda mazoezini. Nikajitambulisha: Percival Gaddis, mtafiti, mwimbaji wa sauti ya tatu tangu utotoni. (Utotoni niliimba mara moja. Mwalimu aliniomba nichezeshe midomo tu.)

Tukaanza. Katikati ya ubeti wa kwanza Bi Earline akasimamisha kinanda, akasema feni ya darini inalia, ipakwe mafuta. Ngazi ikaletwa. Feni ikapakwa. Tukaanza upya. Bi Earline akasimamisha tena. Safari hii mama mmoja mnene wa sauti ya kwanza akanigeukia, akanitazama kutoka viatuni hadi usoni, akasema, "Dada Earline, si feni."

Bi Earline alikuwa mpole. Aliniambia, "Mwanangu, kuna watu Mungu huwasikia vizuri zaidi wakinyamaza."

Nikapewa kazi ya kumfunulia mpiga kinanda kurasa. Kazi ndogo, lakini ni mwanzo. Kwa bahati mbaya nikafunua kurasa nyingi kwa mpigo. Kwaya ikatoka Bethlehemu ikaingia Kalvari bila kupita popote.

Yarbrough alikuja kuazima viti. Wakamlazimisha aimbe besi. Anaimba vizuri, mjinga yule.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili ni wa kisayansi. Mzee humpenda mtu anayeshindwa naye. Shemasi Tate hucheza dhumna kila mchana kwa kinyozi. Nitacheza naye, nitashindwa, atanipenda, atakunja mkono wa shati, na mji mzima utamfuata. Nani angeweza kukosoa hesabu hiyo?

Nikakaa mezani. Kila zamu yangu ilipofika nikapumua kwa huzuni na kusema sina. Nilikuwa nimewashawishi kabisa, naamini. Kisha mzee akaacha kucheza.

"Kijana, fungua mkono."

"Mzee wangu, ni bahati mbaya tu..."

"Fungua mkono!"

Nikafungua. Kinyozi akazima mashine.

"Kete za tano si hizo hapo? Na umesema huna!" Akasimama. Ni mrefu kuliko nilivyodhani. "Unaniachia? Mimi? Nimecheza meza hii kabla baba yako hajajua kuvaa suruali! Nikishindwa nishindwe, nikishinda nishinde kwa haki!"

Nikamweleza kwamba nilifanya kwa heshima, kwa sababu ya umri wake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Akasema watu wanaodanganya kwenye dhumna, wakipewa damu yake watafanya nini? Hakuna mtu wa kundi letu atakayemfunga kitambaa cha presha mkononi, wala yeye wala yeyote wa Mount Nebo. Kinyozi akasema amina. Mteja aliyenyolewa upande mmoja akasema amina.

Dokta alikuwa ameshasikia kabla sijafika ofisini. Tarrow ndivyo ilivyo. Hakufoka. Alivua miwani, akakaa chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema mji huu uliwahi kudanganywa na watu wa makoti meupe kabla mimi sijazaliwa, na kwamba ndiyo maana tulikuwa tunakwenda polepole. Nikamwambia asijali, nina mpango mwingine. Akaniomba, kwa jina la Mungu, nisiwe nao.

Jumamosi, 8 Juni

Ninao.

Nikishindwa kupanda, basi Yarbrough ashuke. Leo nimeingia jikoni kanisani. Bi Earline alikuwa anapika mboga zake maarufu, zile zinazochemka na nyama ya nguruwe ya moshi mpaka kijiko kinasimama. Nikanong'ona kwa masikitiko, kama rafiki wa kweli: nimemsikia Yarbrough akisema mboga hizi zina chumvi ya kutosha meli kuelea, na kwamba zinaua kanisa taratibu.

Yarbrough hajawahi kusema hivyo. Huwa anaomba aongezewe.

Bi Earline akaweka mwiko chini. Nikarudi nyuma kidogo, nikisubiri moto. Badala yake akavuta kiti, akakaa, akajifuta macho na aproni.

Akasema tangu Bwana Hobbs afariki hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli juu ya chakula chake. Wote wanakula, wanasifu, halafu yeye anapika kwenye matanga yao. "Vernon wangu alikuwa akiniambia, 'Earline, mboga hizi zinauma ulimi.' Nami nikamcheka! Moyo ulimwangusha hapo nje, na ufunguo wa gari mkononi." Akainuka. "Huyo kijana yuko wapi? Huyo ndiye mwanamume!"

Alimkuta Yarbrough akipanga viti. Akamkumbatia. Yarbrough hakuelewa chochote, lakini si mtu wa kubishana na bibi anayemlilia kifuani. Matokeo: kesho baada ya ibada tumeruhusiwa kuweka meza yetu kanisani. Kwa heshima ya Yarbrough!

Jioni akaja kuniuliza kama najua maneno yale yametoka wapi. Nikasema sina habari. Akanishika bega, akasema, "Kama ni wewe uliyenisemea vizuri, ndugu yangu, asante."

Nimeshindwa kula.

Jumapili, 9 Juni

Sijui niandikeje ya leo.

Ibada ikaisha. Meza ikawekwa. Hakuna aliyesogea. Kanisa zima lilikuwa linamtazama Shemasi Tate, naye amekunja mikono kifuani. Dokta alikuwa anazungusha kalamu. Nikaona nafasi! Nikaruka mbele, nikatangaza kwamba mimi mwenyewe nitakuwa mfano, mwanamume mwenye afya ya chuma, wala hakuna cha kuogopa.

Yarbrough akanifunga kitambaa. Akasoma. Akasoma tena. Akahamia mkono wa pili. Bi Earline akachungulia, akasema, "Yesu!" Sauti yake haihitaji kipaza.

Nikacheka, nikasema mashine mbovu. Ndipo Bi Earline akanyakua karatasi ya maswali mezani, akavaa miwani.

"Ukizidiwa nyumbani, nani atakuja?"

Nikasema gari la wagonjwa.

"Hao wanalipwa. Nimeuliza nani atakuja."

Nikasema Dokta. Nikamtazama Dokta. Dokta akatazama viatu vyake.

"Jioni unakula na nani?"

Nikasema na taarifa ya habari. Nilingoja wacheke. Ulikuwa utani mzuri. Hakuna aliyecheka. Macho yakaanza kuniwasha. Marashi ya akina mama wa Mount Nebo ni makali mno.

Kisha kiti kikavutwa karibu yangu. Shemasi Tate. Akakaa, akakunja mkono wa shati.

"Dhumna hajui," aliwaambia wenzake. "Kuimba hajui. Na moyo wake unagonga kama polisi mlangoni. Huyu hawezi kutudanganya hata akitaka. Nipimeni."

Foleni ilifika uani! Mama wa sauti ya kwanza alisema anajiunga ili nisifukuzwe kazi, maana nikifukuzwa nitakwenda kwa nani?

Lakini Yarbrough alipousikiliza moyo wa mzee, meno yake ya kucheka yalipotea. Akamwita Dokta. Dokta akasikiliza, akachukua ufunguo wa gari, wakaondoka na Shemasi kwenda hospitalini bila hata kumalizia chai. Akiwa mlangoni mzee aligeuka, akaniambia nisiguse dhumna zake.

Kanisa lilibaki likiimba. Nami nilichezesha midomo.

Ijumaa, 14 Juni

Shemasi karudi! Madaktari wamesema angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunasema mengine. Ana vidonge, na anawagombeza watu kuhusu chumvi kana kwamba ameigundua yeye. Wafadhili wameandika kwamba kituo kinabaki. Dokta alicheza ngoma ofisini, peke yake, akidhani hatumuoni.

Ofisi yenye mlango kapewa Yarbrough. Naye akaomba niwe msaidizi wake! Matusi hayo. Nimekubali kwa sababu ya kiyoyozi.

Maisha yangu binafsi yamevamiwa. Alfajiri Shemasi ananigongea tutembee hadi mtoni na kurudi, akinitukana njia nzima. Mchana ananifundisha dhumna, matusi yakiendelea. Jioni Bi Earline analeta chakula kisicho na chumvi, anakaa mbele yangu hadi nimalize. Yarbrough naye huja kuomba aongezewe. Akina mama wa kwaya huacha keki kibarazani.

Leo Dokta amenipima. Presha imeshuka. Akaniangalia kwa upole, akauliza kama naona jambo hilo linamaanisha nini.

Naona vizuri sana! Nimelifanyia uchambuzi. Mji mzima ulitekwa siku niliyoonekana mnyonge. Unyonge ndio siri! Na wiki ijayo wafadhili wenyewe wanakuja kutoka Atlanta kumchagua msimamizi wa jimbo zima. Basi lazima wanikute mimi ndiye mtu mpweke kuliko wote Mississippi: meza tupu, sahani moja, feni inazunguka.

Kikwazo ni watu hawa. Hawaondoki! Kwa hiyo leo, kwa busara, nimemwambia Shemasi kwamba wasije kwangu tena, kwani kesho nasafiri kwenda kukaa na ndugu zangu. Akauliza ndugu gani. Nikasema mjomba. Mjomba wa wapi? Nikasema Mobile, Alabama. Iko mbali. Nikajua nimemaliza.

Mzee alifurahi mpaka akanikumbatia. Kumbe mtoto ana kwao! Atanipeleka mwenyewe. Bi Earline anakaanga kuku wa njiani sasa hivi. Yarbrough ndiye dereva. Kwaya nzima inakuja na basi la kanisa, wana hamu ya kumwona mjomba na kumwimbia.

Tunaondoka alfajiri. Sina mjomba Mobile.

Lakini sina wasiwasi. Mobile ni mji mkubwa. Mjomba hakosekani.