Magadi Siyo Chumvi

Jumatano, 3 Septemba
Kliniki. Presha 172 kwa 104. Daktari Valeria kasema mkojo wangu una protini. Kanieleza kuwa chumvi hainipandishii presha tu. Inawachokoza askari wa mwili, wanavamia figo na kuwasha moto humo ndani. Moto ukikaa, figo inabaki makovu. Nikamwuliza mbona jirani yangu Alfonsi, mwenye bucha, anakula chumvi kwa kiganja na presha yake ni ya kijana. Kasema miili haifanani, wangu hauistahimili. Nimeonewa.

Alhamisi, 4 Septemba
Mke wangu Hanifa kaliondoa kopo la chumvi jikoni. Maharage matupu. Nimekula vijiko vitatu, kwa heshima ya ndoa. Alfonsi kachoma mbavu mbele ya duka langu la vitambaa. Makusudi!

Jumapili, 7 Septemba
Mnadani. Mama mmoja wa Engaresero, Soila, anauza magadi ya Ziwa Natron. Nikamwuliza kama ni chumvi. Kasema ni magadi. Jibu la kitaalamu. Nimenunua kilo mbili, nimezificha dukani nyuma ya majora ya vitenge. Chakula cha mchana nikiletewa, natia kijiko. Ladha ya sabuni, ila sabuni yenye uhai.

Jumatatu, 15 Septemba
Kliniki tena, na Hanifa. 188 kwa 112. Protini imezidi. Miguu imevimba, nimevaa ndala. Nikakiri magadi, nikitegemea kusifiwa ubunifu. Daktari kasema sodiamu ni ileile, figo haziulizi imetoka ziwa gani. Kaniongezea dawa.

Hanifa akasema taratibu, "Baba Hasna, kaka yangu alianza na miguu hiyohiyo. Nimeshazika mmoja. Usinifanye nizike wa pili."

Nikatazama ukuta. Palikuwa na bango la kunawa mikono. Nimelisoma mara nne.

Jumanne, 16 Septemba
Nimewaza. Kama tatizo ni moto, moto huzimwa. Nikaenda duka la dawa kwa Doreen, anayenipa dawa za presha kila mwezi. Nikaomba vidonge vya kutuliza uvimbe, vile vya mgongo. Akauliza vya nani. Nikasema vya Alfonsi, mgongo unamsumbua. Alfonsi alikuwa nyuma yangu, kabeba nusu ya ng'ombe. Doreen kasema mwenye figo kama zangu akivimeza anazimaliza upesi. Hakuniuzia. Hanifa alijua kabla sijafika nyumbani.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimemwahidi Hanifa. Si chumvi, si magadi, si vidonge. Alilia kidogo, kisha akanimenyea chungwa. Sijawahi kuapa kwa dhati namna ile.

Mchana nimemaliza maharage yote. Matamu ajabu. Nilitia pakiti moja tu ya viungo vya mchuzi. Mbele ina picha ya kuku na karoti, ambavyo hakuna aliyenikataza. Nyuma ina maandishi madogo sana. Miwani niliiacha nyumbani.