Nilivyompatanisha Dada Lea na Mkwewe

Jumatano, 18 Januari 1956

Mvua. Tope mpaka magotini. Mchungaji amesema hatambatiza mtoto wa dada Lea Jumapili mpaka dada na mkwewe wapatane! Dada amelia tangu mchana. Mtoto ametoka kuugua homa juzi tu, na dada anaogopa. Shemeji Fanueli yuko machimboni Chunya. Nani atasaidia? Mimi, mdogo wake wa kike! Nimemaliza darasa la nane, na somo la Dini nililipenda sana.

Ugomvi ni jina. Mkwe, Mzee Sedekia, anataka mjukuu aitwe Sedekia. Dada anataka Danieli, jina la baba yetu wa Iringa. Tena huku Unyakyusa mke hatamki jina la mkwewe, wala hakutani naye uso kwa uso. Dada anauliza, mtoto akiitwa hivyo atamwitaje aje kula? Ampigie mluzi kama mbwa? Mzee akanituma nimwambie kwamba sisi watu wa Iringa tumeleweshwa na ulanzi toka tumboni. Dada akanituma nimjibu kwamba kuna mzee mmoja, hamtaji, kichwa chake kigumu kama jiwe la kusagia. Nilipofika niliona haya. Nikasema anamsalimu.

Alhamisi, 19 Januari

Nimekumbuka! Bwana Yesu alifundisha kwamba ndugu akikukosea, umwendee, mzungumze wawili tu. Wawili tu! Hawa hawajawahi kuwa wawili tu. Ndiyo maana.

Nikamwambia dada kuna ndizi zimeanguka shamba la chini. Nikamwambia Mzee ng'ombe wake kaingia shamba la chini. Njia ni moja, nyembamba. Nikajificha nyuma ya mgomba, nikaomba.

Wakakutana kwenye kona. Dada akatupa kapu, akarukia kwenye mibuni. Mzee akarukia upande wa pili, kwenye mfereji. Kofia ikaenda na maji. Walikuwa peke yao, kweli, lakini kila mmoja kichakani kwake. Mzee akapaza sauti kutoka mferejini, akauliza ng'ombe yuko wapi. Mimi hujibu vizuri zaidi kesho yake.

Ijumaa, 20 Januari

Hatua ya pili ya fundisho lile: mashahidi. Nikawaomba bibi Tusajigwe, jirani, na mzee Saulo wa kanisani. Niliwaomba huku nikitazama vidole vya miguu yangu, lakini walikubali. Mzee Sedekia akakaa nje ya ukuta wa jiko, dada akakaa ndani, mashahidi wakakaa mlangoni. Vizuri sana!

Bibi Tusajigwe akasema mwenye uchungu wa kuzaa ndiye mwenye jina. Mzee Saulo akamwambia anyamaze, jina hutoka kwa baba. Bibi akamwuliza yeye amezaa wangapi. Mzee Saulo akaondoka bila kuaga. Sasa hao wawili nao hawasemezani. Asubuhi nilikuwa na ugomvi mmoja. Jioni nina magomvi mawili.

Jumamosi, 21 Januari

Hatua ya tatu ni kuliambia kanisa. Haiwezekani! Shuleni nilishindwa hata kuitika jina langu.

Nimepata njia yangu. Nilimwambia Mzee kwamba dada amekubali Sedekia. Nikamwambia dada kwamba Mzee amekubali Danieli. Uongo? Neno zito hilo. Nimeitangulia tu kweli kidogo, itanikuta njiani.

Ee, furaha! Mzee ameleta mkungu mzima, ameuacha uani na kukimbia. Dada amempelekea maziwa ya mgando. Mchungaji amemwuliza kila mmoja, na kila mmoja amesema amesamehe kwa moyo wote. Mashahidi nao wamepeana mikono. Nimecheza jikoni mpaka mwiko umevunjika.

Jumapili, 22 Januari

Mzee huketi mbele na wazee wa kanisa. Kwa hiyo dada hukaa nyuma kabisa, kajifunika shuka. Kwa hiyo msimamizi ndiye anayembeba mtoto na kutaja jina. Msimamizi ni mimi. Sikuwa nimelifikiria hilo!

Mchungaji akauliza, mtoto huyu anaitwa nani? Mzee akatabasamu. Kule nyuma dada akafunua shuka, akatabasamu. Vijana wa tarumbeta walikuwa tayari, na mmoja wao, mrefu, Ambrosi, alikuwa ananitazama.

Kinywa changu kikasema, Ambrosi.

Maji yakamwagwa. Tarumbeta zikalia.

Nje, Mzee akapiga kelele, Ambrosi ndiye nani? Nyuma ya mti dada naye akapiga kelele hiyo hiyo. Mzee akageuka akatazama ukuta, akauomba ukuta umwambie mkwewe kwamba heri hata huyo Danieli. Dada akauambia mti kwamba heri hata Sede... akajiziba mdomo. Watu wakacheka. Mzee akacheka. Dada akacheka mpaka akakaa chini, kila mmoja kampa mwenzake mgongo. Nyumbani mtoto watamwita Babu, kwa ajili ya babu zake wote wawili, wamekubaliana. Na jambo la pili wamekubaliana upesi zaidi: mimi kesho nirudi Iringa.

Jumatatu, 23 Januari

Mbeya, ndani ya basi. Amani kamili! Mtoto amebatizwa, dada na mkwewe wanasema kitu kimoja, hasa juu yangu. Kosa langu lilikuwa moja tu: kutumia siku tano kwa kazi ya siku moja.

Mbele yangu wamama wawili wenye vitabu vya nyimbo wanagombea kiti cha dirishani. Nimemnong'oneza wa kulia kwamba mwenzake amemwachia. Sasa ngoja nimwinamie wa kushoto.