Picha Zilizochoka Kutazamwa

Wananchi wote, wageni wote, na hata wale waliokuwa wakipita tu barabarani kwa shughuli zao, walitangaziwa kwamba picha za Jumba Kuu la Sanaa zimechoka.

Tangazo alilisoma Katibu wa Kamati ya Kuhifadhi Hazina za Macho, akiwa juu ya ngazi za mawe za jumba lile la kale, mbele ya watu waliokuja kutazama picha na sasa wakajikuta wanamtazama yeye. Kamati ilikuwa imekaa, imechunguza, imekunywa chai, ikagundua kwamba picha zinazopendwa zaidi ndizo zilizofifia zaidi. Sababu ikajileta yenyewe: zimetazamwa mno. Mjumbe mmoja aliuliza kama huenda ni jua la yale madirisha makubwa mapya. Akakumbushwa kwamba madirisha yale aliyazindua Waziri mwenyewe, kwa mkasi na utepe, akapigiwa makofi. Jua likaachiwa huru. Macho ya watu yakabaki kizimbani.

"Kila jicho likiondoka huondoka na chembe ya rangi," Katibu akasoma. "Kuanzia kesho kila picha itavaa pazia. Wageni mnakaribishwa kama kawaida. Bei ya tiketi haibadiliki."

Katika umati ule walikuwapo ndugu wawili, wanawake watu wazima. Mdogo alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya maduka ya vitambaa, na watu walimwita Fundi tu, hata majirani. Mkubwa, Dada, alivaa miwani minene kama kitako cha chupa na alitembea ameshika kiwiko cha mdogo wake. Walikuwa wamekuja kumwona mama yao.

Mama yao alikuwa ghorofani, ukutani. Zamani mchoraji mmoja alipanga chumba nyumbani kwao, akamchora mama ameketi kizingitini anamfunga mtoto kamba za kiatu. Mtoto mwenyewe haonekani ila mguu. "Mguu ule ni mimi," Dada alikuwa akiwaambia wageni wasiomuuliza. Picha nyingine ya mama hawakuwa nayo. Na tangu utoto walibishana juu ya hiyo moja: Dada alisema mama anakaribia kucheka, Fundi alisema anakaribia kugomba. Sasa daktari wa macho alikuwa amemwambia Dada, kwa upole wote, kwamba kama kuna kitu anapenda kukiona, asikiweke kiporo.

Dada akajikokota hadi kwa Katibu.

"Mwanangu, macho yangu haya yamekwisha. Hayawezi kuchakaza hata sufuria. Niache nimwone mama yangu leo, pazia mtatundika nikishatoka."

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ukimwingia mtu vizuri huwa hauachi nafasi ya kitu kingine.

"Bibi, suala la macho mabovu tulilijadili. Macho mabovu hukodoa. Kukodoa ndiko kunakoumiza picha kuliko yote."

"Nikifumba moja je?"

"Litakalobaki litafanya kazi ya mawili."

Dada akamgeukia mdogo wake. "Huyu amesoma. Tumepatikana."

Fundi hakuwa msemaji sana. Aliuliza swali moja tu: mapazia yenyewe atashona nani? Katibu akatazama angani. Kamati ilikuwa imefikiria kila kitu isipokuwa mapazia. Basi Fundi akapata kazi pale pale kwenye ngazi, naye akaikubali haraka, akijisemea kwamba anayeshona pazia hakosi siku ya kulifunua.

Lakini Kamati ilishaliona hilo. Fundi alipelekwa mbele ya kila picha kinyumenyume, kitambaa machoni, akapima kwa mikono ya mgongoni. Mapazia ya mwanzo yalitoka makubwa kupita kiasi. Moja lilifunika picha, mlango, na bawabu aliyesimama mlangoni. Bawabu alipolalamika aliambiwa ashukuru, naye amehifadhiwa.

Watu waliendelea kuja, maana tiketi ilikuwa ileile. Waliongozwa chumba hadi chumba.

"Nyuma ya hili kuna farasi," kiongozi alisema.

"Anafanya nini?"

"Anahifadhiwa."

Baada ya muda wageni wakazoea. Bwana mmoja mwenye skafu alisimama mbele ya pazia la chumba cha juu mpaka machozi yakamlenga, akasema upindo ule unamkumbusha ufupi wa maisha. Fundi alifurahi, kwa sababu upindo ule alikuwa ameukosea. Ila kila alipotoka chumba kile mkono wake ulimwasha. Mama alikuwa pale, nyuma ya kitambaa alichokikata yeye mwenyewe, na Dada nyumbani alikuwa ameanza kumimina chai nje ya kikombe.

Waziri akaja kukagua. Siku hiyo Fundi alikuwa juu ya ngazi anashonea pete za pazia, Dada ameketi chini na kopo la pete mapajani.

"Kitu cha thamani hakiachiwi macho ya kila mtu," Waziri akasema, na msafara ukatikisa vichwa kukubali.

"Ndiye Waziri huyo?" Dada akauliza. "Sogea, mwanangu, nikuone. Ee, ndiye. Nakujua. Posta umetundikwa, kituo cha polisi umetundikwa, kwa daktari wa macho umetundikwa mkabala na viti, mtu akisubiri hana pengine pa kutazama. Pole sana."

"Pole ya nini, bibi?"

"Si unatazamwa mno."

Waziri akacheka. Msafara ukacheka kwa kadiri yake, ukanyamaza aliponyamaza. Katibu peke yake hakucheka. Wenzake kwenye Kamati waliamini kwa ajili ya chai. Yeye aliamini kweli. Alimtazama Waziri usoni, haraka, asije akamharibu, akaona nywele za pembeni zimefifia kuliko zilivyo kwenye picha ya posta.

Jioni ile Kamati ikakaa kwa dharura. Waziri alitangazwa Hazina ya Daraja la Kwanza, naye akapokea kwa furaha, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwita hazina, hata nyumbani. Picha zake zikavikwa mapazia katika kila ofisi. Gari likavikwa, kiti chake cha mikutano kikavikwa. Usiku kwenye taarifa ya habari watu walionyeshwa pazia la kijani likitoa ahadi.

Kitambaa kikaisha mjini. Katibu akamfuata Fundi kibandani, uso umemsawijika.

"Vua picha, umvike Waziri."

"Zote?"

"Anza na chumba cha juu."

"Na zikitazamwa?"

"Ni daraja la pili," Katibu akasema, kama mtu anayetaja ndugu ambaye yeye mwenyewe alishindwa kumsaidia.

Fundi hakungoja aambiwe tena. Alimpitia Dada, wakapanda ghorofani, akavuta. Pazia likaanguka na vumbi lake. Dada akasogea mpaka pua ikakaribia turubai, akakaa hivyo. Fundi naye akatazama, mara ya kwanza tangu tangazo.

"Anacheka," Fundi akasema taratibu. "Siku zote ulikuwa unasema kweli."

"Anacheka wapi? Anagomba. Mwone nyusi. Mguu wangu haukutulia."

"Dada, anacheka."

"Wewe siku zote lazima unipinge."

Wakaja tena kesho yake, na keshokutwa, na mji mzima ukaja.

Waziri naye siku moja alichelewa mkutanoni, akakuta umekwisha salama. Pazia lake lilikuwa limepigiwa makofi, hakuna aliyegundua kwamba nyuma yake hapakuwa na mtu. Akatoka anatokwa na jasho, bila msafara, bila kitambaa, moja kwa moja hadi Jumba la Sanaa.

"Tiketi," bawabu akasema.

"Mimi ni Waziri."

"Waziri ana pazia."

"Nimelivua."

"Basi sasa wewe ni mtu asiye na pazia. Foleni inaanzia kule, mzee."

Akapanga foleni. Akakata tiketi. Akapanda hadi chumba cha juu, kilichojaa watu tele, akapaza sauti kwamba Kamati imevunjwa. Katibu, aliyekuwa pembeni ya umati, aliitambua sauti ile, rangi ikamtoka.

"Geukeni," akawaambia watu. "Hazina iko wazi."

Chumba kizima kikampa Waziri mgongo kwa heshima, nyuso zikaelekea kuta, kwenye picha.

"Nitazameni," Waziri akasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Hata mmoja tu."

"Tunakuhifadhi, mwanangu," Dada akamjibu bila kugeuka, pua iko pale pale kwa mama yake. "Wewe sema tu, tunakusikia. Fundi, njoo uone hizi nyusi."