Bastola Laini Kama Siagi

Jumatatu, 3 Machi
Aibu! Juzi kwenye klabu yetu ya shabaha Pettibone, yule mng'oa meno, kagonga vibao vitano vya chuma kwa sekunde tatu. Mimi sekunde kumi na moja! Sote tuna bastola zilezile za kizamani, za kukoki, yaani kuvuta nyundo nyuma kwa dole gumba, kila risasi. Nimelitafakari kwa utulivu. Kosa si langu. Ni la bastola. Yake imelainishwa na fundi. Nilipomwuliza fundi gani, alicheka hadi akashika mbavu. Sawa. Yangu nitailainisha mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimeifungua juu ya meza ya jikoni. Skrubu moja imerukia chini ya friji. Nimesugua kila kinachong'aa na kila kisichong'aa. Mke wangu Lurlene kapita na kikapu cha nguo, akasema springi ya nyundo nisiikate. Nikamwambia, "Mama, haya mambo ya chuma yana wenyewe." Akaenda zake kuanika nguo.
Nimeikata mizunguko mitatu.
Mungu wangu! Nyundo inarudi nyuma kama kisu ndani ya siagi! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, bila risasi, nikiwa na kofia. Nimempigia simu Pettibone kumwambia Jumamosi aje na leso ya kulilia.

Jumamosi, 8 Machi
Klik. Klik. Klik. Klik. Klik.
Hakuna hata mlio mmoja! Nyundo imelegea mno, inaipapasa risasi badala ya kuigonga. Watu arobaini wameshuhudia. Pettibone akauliza kwa sauti, "Orville, unapiga shabaha au unapiga chapa?"
Marisela, msimamizi wetu, akaichukua bastola, akachungulia ndani, akafumba macho kama aliyeona maiti. Akasema niipeleke kwa fundi wa klabu. Fundi gani? Akanitazama.
"Mzee Orville, unatania? Si unalala naye kitanda kimoja?"
Nilikaa chini. Kiti hakikuwepo.

Jumapili, 9 Machi
Miaka kumi na moja! Kila Jumatano nikienda kucheza karata, mke wangu hufungua bastola za watu wote kwenye meza yangu ya jikoni. Ya Pettibone! Ya Marisela! Ya mchungaji wetu!
Nikauliza kwa uchungu kwa nini alinificha. Akasema hakunificha. Aliniambia siku ya bata mzinga, ile Sikukuu ya Shukrani, mwaka ule alipofariki baba yake na kumwachia vifaa vyake vya ufundi. Nikajibu, "Vizuri, mama," nikaomba mchuzi.
Nakumbuka ule mchuzi.
Akavaa miwani, akaniambia nilete bastola na mkono. Mkono wa nini? Akalikunja dole gumba langu polepole, akasema kiungo hiki kimevimba tangu Novemba, ndiyo maana nachelewa. Hakuna mwingine aliyeona. Akaweka springi nyingine, akaichonga nyundo kidogo ili dole lisihangaike kuifikia. Dakika arobaini. Hata skrubu ya chini ya friji alikuwa nayo mfukoni.

Jumamosi, 15 Machi
Sekunde nne! Vibao vitano! Pettibone leo nne na nusu!
Nilivua kofia nipokee pongezi. Umati ukaja mbio, ukanipita, ukamkumbatia Lurlene. Pettibone akambusu mkono, akamwita malkia. Mimi nikaombwa niwashikie vikombe vya kahawa.

Jumatatu, 17 Machi
Nimejirudi. Kweli nimejirudi. Mwanamke amenifanyia kazi ile, na mimi sijawahi kumfanyia lolote la maana. Leo yuko Tucson kwa dada yake mpaka jioni. Jana alisema cherehani yake inakwaruza kidogo, ila niiache, ataitazama mwenyewe. Anashona gauni la kuvaa kwenye mashindano ya shabaha ya jimbo, yaani ya Jumamosi hii.
Roho yake nzuri, hataki kunisumbua.
Nimeifungua. Ajabu, ina springi nyingi kuliko inavyohitaji! Nimeshapunguza mbili. Gurudumu linazunguka lenyewe, halitaki hata kusimama.
Akirudi atapigwa na butwaa.