Tumbo la Mwokaji na Makopo Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Tumbo limevimba tena kama ngoma. Daktari kasema vipimo ni safi: sina siliaki, ule ugonjwa wa gluteni, protini ya ngano, kuharibu utumbo, wala sina mzio wa ngano. Nikataka kumkumbatia. Akanizuia. Wapo watu wasio na siliaki, kasema, na bado ngano huwasumbua. Hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha hilo. Niache ngano mwezi, kisha nijaribiwe bila kujua nimelishwa nini.

Mimi! Mwokaji!

Mke wangu kaamua papo hapo: mkate hauokwi bila kuonjwa. Ngano ikinikataa, tanuri ni la kaka yake, nami nikae kaunta. Shemeji kashaijaribu aproni yangu. Inamkaa vizuri, mshenzi.

Jumapili, 30 Machi
Mwezi bila ngano. Tumbo shwari, mkanda unalegea. Bahati tu!

Mke wangu kakausha mkate wa ngano na wa unga wa mchele, kausaga kila mmoja chenga, kautia kopo lake. Atanichanganyia kwenye supu ya maboga. Nimechungulia dirisha la stoo: ngano ina kifuniko chekundu. Mpango: siku ya chekundu nitapiga miluzi, hata nikifa.

Jumatano, 2 Aprili
Nimechungulia tena akichota: chekundu! Nimekula huku jasho likinitoka. Nimepiga miluzi kutwa nikingoja balaa. Tumbo kimya. Ujasiri ulioje! Shemeji kauliza mbona natetemeka. Nikamwambia ni furaha, shemeji.

Jumamosi, 5 Aprili
Dirishani leo, bluu. Hatimaye mlo wa amani. Nikaongeza bakuli.

Alasiri, ngoma! Kichwa kizito kama gunia la unga. Nimelegeza mkanda mbele ya wateja. Mke wangu kauliza, kulikoni, baba watoto? Nikafoka kwamba ni mchele wake huo! Akauliza, kwa upole wa kutisha, nani kaniambia ni mchele.

Jumapili, 6 Aprili
Kumbe mke wangu aliiona pua yangu imebanwa kwenye kioo kama donge la unga. Akabadilisha vifuniko. Daktari kacheka kwenye simu hadi akakohoa: kwa udanganyifu wangu nimejipima vizuri kuliko wagonjwa wake waaminifu. Shemeji kafunga aproni, fundo kalipiga mbele yangu.

Nimewaza sana. Jibu nimelipata: bluu haijawahi kunipenda.

Nimelitia pande la mkate wa ngano kwenye kopo, nikalifunika kwa kifuniko chekundu. Nimelifunua. Nimelila lote.

Tumbo kimya kabisa. Mpaka hapa.