Pole ya Hasina

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Chumbageni yote matope. Nimefika kazini soksi zimelowa, nimekagua mizani sita za sokoni, zote sahihi. Siku ingeishia hapo ingekuwa njema.

Jioni Hasina akapiga simu kutoka Ujerumani. Mke wangu ni muuguzi. Yuko huko mwaka wa pili sasa, katika hospitali ya mji mdogo ambao siwezi kuutamka bila kurusha mate. Mkataba wake unakwisha tarehe 30 Juni. Anaweza kurudi nyumbani. Anaweza pia kutia saini miaka mingine miwili. Hajasema atafanya lipi, nami sijamwuliza. Asiyeuliza hajibiwi vibaya.

Yamemkuta. Mzee mmoja wa wodini aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Hasina alikuwa mwisho wa ukumbi na mgonjwa mwingine. Akakimbia, akamwinua, akamwambia pole. Alisema kwa Kijerumani, naam. Lakini Kijerumani alichofundishwa hapa Tanga kilimpa neno moja tu kwa jambo hilo, na neno hilohilo ndilo wenyewe wanalotumia kuomba radhi. Binti wa mzee alikuwa mlangoni. Ameandika malalamiko: muuguzi amekiri!

Sasa Hasina ameondolewa wodini. Anakunja mashuka katika chumba cha chini mpaka kamati ikae, Jumatano ya tarehe 14. Hata huko chini, anasema, alimwambia pole mtu aliyebeba mzigo, na mtu yule akauliza kwa wasiwasi: umenifanyia nini?

Sikusikia kilio. Hasina halii kwa sauti.

Kamati inataka maelezo ya mtu wa kwetu, yafasiriwe rasmi, juu ya maana ya pole. Hasina kaniambia, "Weye ndiye mtu wa vipimo, Ayubu. Niandikie mistari kumi tu. Waambie kwetu pole si kukiri." Nikamwambia bila shaka, mke wangu. Sauti yangu ilikuwa imara.

Jumanne, 6 Mei

Nimelifikiri jambo hili kwa utaratibu. Akitakaswa, hospitali itamng'ang'ania, naye atatia saini. Asipotakaswa, watamrudisha. Julai atakuwa katika nyumba hii, kwenye kiti kile pale.

Dalili za kumpoteza zipo. Mwezi Januari tulizungumza, kwa wastani, dakika kumi na tisa kwa simu moja. Mwezi Aprili, kumi na moja. Anakula mkate baridi jioni na anadai una ladha. Juzi nilichelewa kumpigia kwa dakika nne, akaniambia nimechelewa. Hasina! Mwanamke aliyechelewesha ndoa yake mwenyewe kwa saa tatu, mpaka shehe akasinzia!

Nimepima mapigo ya moyo: tisini na mbili. Nimepima tena: tisini na tisa. Nimeacha kupima.

Sitasema uongo. Kwa miaka ishirini na miwili sijachezea mizani ya mtu. Lakini kila mkaguzi anajua kwamba mizani iliyo sahihi kabisa, ikiwekwa kwenye sakafu inayolalia upande, itatoa uzito mwingine. Na mizani yenyewe haina kosa. Basi barua itakuwa ya kweli. Sakafu ndiyo nitakayoichagua mimi.

Rasimu imekamilika. Mistari kumi, kama alivyoagiza. Mstari wa tatu unasema: "Aghalabu, neno pole halina maana kwamba msemaji amekosa." Aghalabu! Neno la kisomi, safi, halina dhambi. Linaacha mlango wazi kiasi cha kidole. Kamati makini itaingiza kidole.

Nimeisoma mara tisa. Kila mara mstari wa tatu unaonekana mweusi kuliko mingine. Wino ni uleule.

Jumatano, 7 Mei

Kazi Muheza, mizani za wauza machungwa. Balaa. Jiwe langu la kilo mbili limeniponyoka likamwangukia mguuni muuzaji mmoja aitwaye Khadija, mama wa makamo, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara.

Nikamwambia, "Pole, mama."

Akanikazia macho. "Pole ya nini na jiwe ni lako? Pole atanipa huyu jirani aliyekaa kwake kimya! Weye sema samahani!"

Jirani akasema pole Khadija. Wapita njia wawili wakasema pole mama. Utingo wa basi akatoa pole yake kupitia dirishani. Mimi nikasema samahani, mbele ya wote, na Khadija akasema haya, sasa tumeelewana, pima machungwa yako uondoke.

Nimetafakari njia nzima. Mwanamke huyu ametoa hoja timilifu. Pole hutolewa na asiyehusika. Mwenye kosa hudaiwa samahani. Kwa hiyo Hasina, kwa kusema pole, alikuwa akitangaza kwa lugha yake kwamba hakuwa na kosa lolote. Hoja hii ingeimaliza kesi kwa dakika tano. Hata mtoto angeielewa. Hata kamati.

Sijaiandika katika barua. Mistari ni kumi tu, na imejaa.

Alhamisi, 8 Mei

Kwa Innocent, mwalimu wa Kijerumani, ambaye pia ni mfasiri mwenye mhuri. Anafundisha wauguzi wanaojiandaa kusafiri, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Simpendi. Ndiye aliyempa Hasina neno moja badala ya mawili. Nikamweleza hivyo, kwa adabu. Akajibu kwamba Wajerumani wenyewe wanalo hilo moja, Bwana Ayubu, nilitaka aende akawachongee la pili?

Wauguzi saba walikuwa darasani wakijifunza kusema "inauma wapi?" kwa sauti moja. Nyuso changa. Nikawaonea huruma, na waume zao zaidi.

Akasoma barua. Akainua miwani. "Hii 'aghalabu' ina kazi gani hapa? Inamharibia shemeji."

Nikamwambia kwamba ni suala la usahihi wa kitaaluma, kwamba hakuna kauli ya jumla isiyo na vighairi, na kwamba mfasiri hufasiri. Akasema sawa, mkubwa. Akaketi akafasiri, akagonga mhuri. Akatuma tafsiri yake papo hapo.

Imekwenda!

Jumamosi, 10 Mei

Mama mkwe, Bi Zuwena, amefika kutoka Kigombe na kapu la ng'onda, samaki wa kukaushwa. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, mbona umekonda kama uliyefungwa? Kisha akaingia chumbani kwetu akaanza kupima madirisha kwa shubiri.

Nikauliza anapimia nini. Mapazia, akasema. Hasina kamwagiza. Hataki kurudi akute mapazia yale ya zamani.

Kurudi lini, nikauliza. Sauti haikuwa yangu.

Bi Zuwena akaketi kitandani. "Julai. Kwani hujui? Ile kliniki mpya ya kina mama kule Raskazone imemwekea nafasi ya muuguzi mkuu. Wanachosubiri ni hati yake ya Ujerumani, ya miaka miwili isiyo na doa. Akipata hiyo hati tu, anapanda ndege."

Nikauliza kwa nini mimi sikuambiwa.

"Nilimwuliza hivyohivyo. Kasema: mama, mwaka mzima Ayubu hajaniuliza hata siku moja narudi lini. Pengine kazoea nyumba yake. Akiuliza nitamwambia."

Nikaomba ruhusa nikaenda uani. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikasimama ndani yake kwa muda ambao sikuupima.

Hati isiyo na doa! Na doa nimelitia mimi, kwa mkono wangu, mstari wa tatu, neno la kwanza.

Jumapili, 11 Mei

Mbio hadi kwa Innocent. Mlango umefungwa. Fundi cherehani wa chini anasema amekwenda msibani milimani, upande wa Mlalo, na huko simu hazishiki mpaka mtu apande juu ya jiwe. Anarudi Alhamisi. Kamati inakaa Jumatano!

Njia iliyo fupi ni kumpigia Hasina na kumweleza. Nimeshika simu mara nne. Ningemwambia nini? Kwamba nilimpima, na nilichagua sakafu? Angeuliza kwa nini. Ana namna ya kunyamaza baada ya kuuliza, kama daktari anayesubiri kipimajoto. Nimeirudisha simu mezani.

Nimeamua kuiandikia kamati moja kwa moja. Anwani yao ya baruapepe ninayo, iko katika barua aliyonitumia Hasina. Nimetumia Kiingereza cha ofisi, kizito na chenye heshima. Nimeomba kwamba neno "aghalabu" katika mstari wa tatu wa maelezo yangu ya tarehe 8 lifutwe na lihesabiwe kwamba halikuandikwa kamwe. Ili wasibabaike wakilitafuta nimelinukuu, nimelitolea maana tatu, na nimelipigia mstari.

Baraza lolote litataka kujua sababu. Nami siwezi kufuta neno bila sababu. Si mwenendo wangu. Sababu ya kweli haiandikiki, na ya uongo sitaiandika. Baada ya saa mbili nimepata kauli ya katikati: "kwa sababu za kifamilia."

Imekwenda saa tisa alasiri. Bi Zuwena ananiuliza mbona nasali Alasiri kwa mara ya pili.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna jibu. Nimekataa mizani mbili sokoni, kisha nimegundua kwamba zilikuwa sahihi na mkono wangu ndio uliotetemeka juu ya sahani. Nimeomba radhi. Kwa neno linalostahili.

Jumatano, 14 Mei

Hasina amepiga simu saa kumi na moja jioni. Nitaandika kwa mpangilio, kwa kuwa bila mpangilio nitaanguka.

Tafsiri ya Innocent haikuwa na "aghalabu". Hakulifasiri! Aliliona linamharibia shemeji yake, akaliruka kimya kimya, akagonga mhuri. Kwa hiyo tangu Alhamisi mbele ya kamati kulikuwa na barua safi, isiyo na ufa, iliyosema kwamba pole si kukiri. Binti wa mzee alikwisha kuisoma na kulegea. Mzee mwenyewe, kwa mkono wake uliofungwa plasta, aliwaambia kwamba alitelezea sabuni yake. Jalada lilikuwa lifungwe leo kabla ya chakula cha mchana.

Ndipo ikasomwa barua yangu ya pili. Mume wa muuguzi anaomba lifutwe neno ambalo hakuna aliyeliona. Kwa sababu za kifamilia. Wakauliza ni neno gani, kwa nini mfasiri amelificha, na familia hii inaficha nini kingine.

Uamuzi: kosa halikuthibitika, shaka haikuondoka. Hasina atarudi wodini chini ya uangalizi kwa miezi kumi na miwili. Hati haitatoka kabla ya hapo. Asipoikamilisha, hati haitatoka kamwe. Kliniki ya Raskazone haitasubiri mwaka.

Hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Aghalabu ya nini, Ayubu?"

Nikamweleza kwamba kauli za jumla zina vighairi.

Akanyamaza. Kule kunyamaza kwake. Nyuma yake nilisikia gurudumu la kitanda na mtu akimwita kwa jina lake, akilitamka vibaya.

"Ulikuwa unataka nirudi?"

Nikasema bila shaka. Nikasema hakuna ninachokitaka zaidi.

"Ungesema," akasema. Kisha akasema zamu yake imeanza, na simu ikakatika.

Bi Zuwena alikuwa mlangoni. Amesikia upande wangu, na upande wangu ulitosha. Ameyashusha mapazia mapya aliyoyatundika jana, ameyakunja, ameyatia kapuni.

Ijumaa, 16 Mei

Innocent alifika na matope ya milimani viatuni. Wamemwandikia kuuliza habari za mhuri wake. Alisema mambo mengi uani, kwa Kiswahili, kwa Kijerumani, na mengine nadhani kwa Kishambaa. Lililobaki kichwani: "Mimi nilimwokoa, weye ukaenda kumzamisha kwa barua ya rejista!" Nikamsahihisha kwamba ilikuwa baruapepe. Ikawa kosa. Majirani walitoka.

Baadaye Bi Zuwena akanipa ujumbe kutoka kwa Hasina. Niliunakili neno kwa neno: "Mwambie asiandike kitu chochote, kwa mtu yeyote, kuhusu mimi. Akiwa na neno anipigie mimi."

Jumamosi, 17 Mei

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza. Akili imetulia na naona wazi lilipokuwa kosa. Si neno "aghalabu". Si hata ile barua ya pili. Kosa lilikuwa kwamba shahidi alikuwa mume. Mume ana upande. Kamati yoyote ingemtilia shaka. Alihitajika mtu mzima, mwanamke, mwenye umri na heshima, asiye na hila. Mtu kama Bi Zuwena.

Hasina amenikataza mimi kuandika. Hakumkataza mama yake.

Kwa hiyo Bi Zuwena ataiandikia kamati kurasa saba kuhusu pole, pamoja na jedwali na ushahidi kamili wa Khadija wa Muheza, na mwishoni ataomba, kama mama, mwanawe apewe hati yake arudi Julai. Rasimu imefika ukurasa wa nne. Mtiririko ni mzuri mno. Bi Zuwena mwenyewe ameondoka asubuhi kurudi Kigombe bila kuniaga, kwa hiyo sijapata nafasi ya kumwarifu. Na kumpigia Hasina sasa, akiwa na uchungu, kungekuwa kumwongezea mawazo. Ataona matokeo.

Nimepata sahihi ya mama mkwe katika kadi ya harusi yetu. Nimeijaribu mara arobaini. Inanitia hofu herufi moja tu, ile Z. Yake ina mkia.